Mafuta ya Gia Hayachaguliwi Barazani: Mwongozo kwa Mwenye Gari Kongwe Mombasa

Mwenye gari kongwe Mji wa Kale ana washauri wengi kuliko magurudumu. Aegeshe Peugeot 504 yake karibu na baraza la Kibokoni, afungue boneti, na kabla kahawa chungu haijafika kikombe cha pili ameshaambiwa atie mafuta mekundu, atie mazito, atie ya Ulaya, atie yale yale aliyokuwa akitia marehemu babu ya mtu kwenye lori la boriti. Washauri wote wana nia njema. Lakini meno ya gia hayalainishwi kwa nia njema. Yanalainishwa kwa mafuta ambayo giaboksi iliundiwa, na mara nyingi mafuta hayo si mekundu, si mazito, wala si ya bei.

Kuna sababu ya kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Sheria hiyo inamgusa mwenye gari kongwe mara mbili. Kwanza, magari ya zamani tuliyo nayo kisiwani ni haya haya tunayoyaona. Giaboksi ikisagika, ya kuziba nafasi yake haitateremshwa Kilindini na meli ijayo. Pili, rafu za maduka ya spea zimejaa mafuta ya magari ya Kijapani ya juzi, kwa sababu hayo ndiyo yanayotembea barabarani. Mwenye duka anauza kinachonunuliwa, na hana kosa. Kazi ya kujua gari lako linataka nini imebaki kwako.

Hatua ni tisa. Zifuate kwa mpangilio, na baraza liachie mazungumzo ya siasa na mpira, ambako ushauri wake hausagi chuma.

Hatua ya kwanza: Itambue giaboksi iliyofungwa chini

Mtu akiingia dukani na kusema, "Nipe mafuta ya gia ya Land Rover," ameuliza nusu ya swali. Land Rover ipi? Series II na Series III zinataka mafuta ya gia ya EP 90. Land Rover 110 ya miaka ya 1980 iliyokuja na giaboksi ya gia tano inayoitwa LT77 inataka ATF, yale mafuta mepesi ya otomatiki, ijapokuwa gia zake ni za mkono. Jina la mbele ni moja, mafuta ni mawili, na ukiyabadilishana utalipa.

Halafu kuna mkono wa fundi. Magari makongwe ya pwani yamefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Injini ya asili ilichoka ikatolewa, ikatiwa dizeli ya Nissan. Giaboksi ya kwanza ikapasuka, ikatafutwa nyingine iliyokaribiana nayo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mafuta hufuata giaboksi iliyopo, hayafuati nembo iliyo kwenye boneti. Ingia chini na tochi, futa matope, soma namba zilizopigwa kwenye chuma. Usipojua namba hizo, hata kitabu kizuri kitakusomea habari za giaboksi iliyokwisha kuuzwa kwa kilo.

Hatua ya pili: Kiamini kitabu, hata kikikushangaza

Ukishajua giaboksi, tafuta kitabu chake: kile cha mwenye gari kilichokaa kwenye dashibodi, au kile cha gereji. Kisome ukurasa wa vilainishi neno kwa neno, kwa maana hapo ndipo utakapokuta mambo ambayo baraza zima litaapa kwamba hayawezekani.

Peugeot 404 na 504 za gia za mkono zilitiwa oili ya injini kwenye giaboksi. Ndiyo, oili ya injini, ya uzito wa kawaida kama 20W-40. Ushindi wa 404 katika Safari Rally ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na wa 504 mwaka 1975, ndio ulioyapa magari haya jina Afrika Mashariki, na bado wapo wenye kuyatunza wanaoyamiminia mafuta mazito ya gia wakidhani wanayaenzi. Gia ya pili inapoanza kukataa kuingia, wanalaumu uzee.

Hiyo 404 ina jambo jingine nyuma. Difu yake haina meno ya kawaida. Ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba. Peugeot ilitaka mafuta maalumu kwa difu hiyo, yaliyouzwa kwa jina la Esso VT, na ilikuwa na sababu: dawa kali zilizomo kwenye EP 90 za dukani hazipatani na shaba inayosuguliwa mchana kutwa. Mwenye 404 asitie kitu kwenye difu kabla ya kuhakikisha kwa jina kwamba kinafaa gia ya parafujo.

Morris Minor nayo ilitumia oili ya injini kwenye giaboksi. Mini imekwenda mbali zaidi: gia zake zimelala ndani ya sampu, chini ya injini, na oili moja inahudumia zote mbili. Anayemshauri mwenye Mini anunue mkebe wa mafuta ya gia amemshauri anunue kitu kisicho na pa kutiwa. Ushauri anaouhitaji ni mmoja: abadilishe oili ya injini mapema, kwa kuwa oili hiyo hiyo inasagwa na meno ya gia.

Mercedes ya W123 ndiyo inayovunja urafiki gereji. Za otomatiki zinataka ATF, hilo kila mtu analikubali. Lakini hata za gia za mkono zinataka ATF. Hapo mazungumzo huwa ya namna hii:

"Ami, hii gia ni ya mkono. Mafuta mekundu ni ya otomatiki, yatakuharibia."

"Najua ni ya mkono, mwanangu. Fungua kitabu, ukurasa wa vilainishi, unisomee."

"Hapa wameandika ATF."

"Basi tia walichoandika waliouchonga huo mtambo."

Fundi mwema hakasiriki akionyeshwa kitabu. Fundi anayekasirika muombe radhi kwa adabu, lipa ulichokwisha kutumia, na upeleke gari kwingine.

Datsun 1200 na 120Y hazina mzaha wala mafumbo: SAE 90 ya daraja la GL-4 kwenye giaboksi. Volkswagen Beetle nayo hutiwa SAE 90, ila ukumbuke kwamba gia na difu yake zimo katika sanduku moja na zinakunywa mafuta yale yale. Ford Escort na Cortina za gia nne za mkono zilitaka SAE 80 EP, mafuta mepesi kuliko yale ambayo watu hupenda kuzitilia.

Hatua ya tatu: Usitishwe na namba

Pingamizi utakalolisikia ni hili: "Oili ya injini ni arobaini, mafuta ya gia ni tisini. Arobaini italindaje gia?" Anayesema hivyo analinganisha mizani mbili tofauti. Mafuta ya gia yana kipimo chake cha SAE na oili ya injini ina chake, na namba zimetenganishwa makusudi ili watu wasizichanganye. Mafuta ya gia ya SAE 90 yana uzito unaokaribiana na oili ya injini ya SAE 40 au 50. Wale Wafaransa hawakuwa wamekosa akili walipotia oili ya injini kwenye 404.

Herufi W nayo isikutoe pesa mfukoni. Inaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka kwenye baridi ya nchi zenye theluji, na Mombasa ni nadra hewa kushuka chini ya nyuzi 20. Mafuta ya 75W-90 na ya 80W-90 yakishapata moto yana uzito wa daraja moja. Tofauti yao unaipata alfajiri ya Helsinki. Alfajiri ya Makadara hakuna, ila kwenye risiti.

Kosa lililo kinyume ni kubwa zaidi. Wapo wanaosema kwamba kwa vile Mombasa ni joto, gari litiwe mafuta ya 140. Lakini ile namba ya pili hupimwa mafuta yakiwa kwenye nyuzi 100, joto la ndani ya mtambo unaofanya kazi. Waliochagua 90 walikwisha kulihesabu joto hilo. Mafuta mazito kupita kiasi hayapenyi upesi kwenye vijitundu vya beringi, na yanazichelewesha pete zinazolinganisha mwendo wa gia. Gari linakuwa gumu kuingia gia ya pili asubuhi, dereva anasukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayomaliza pete.

Hatua ya nne: Ikatae zawadi ya GL-5

Hapa ndipo magari mengi yanapouawa na watu wanaoyapenda. Herufi GL ni madaraja ya taasisi ya mafuta ya Marekani, API. GL-4 ina kiasi cha wastani cha dawa za salfa na fosforasi zinazozuia meno kukwaruzana. GL-5 ina dawa hizo kwa wingi, karibu maradufu, kwa ajili ya difu za haipoidi ambazo meno yake yanateleza moja juu ya jingine kwa shinikizo kubwa. Mteja anaona tano iko juu ya nne, mwenye duka anaona bei yake iko juu pia, na wote wanaridhika.

Giaboksi hairidhiki. Ndani yake mna pete za shaba zinazoshika gia inayozunguka na kuipunguza mwendo ili ijiunge na mwenzake bila kelele. Pete hizo zinahitaji kushika. Mafuta yenye utelezi mwingi huzinyima mshiko, nawe unasikia kwaruu kila unapoteremsha gia. Mtambo ukipata moto, salfa iliyo kali huanza kuila shaba yenyewe. Haitatokea leo wala mwezi ujao. Itatokea taratibu, na siku utakapoyamwaga mafuta utayaona yanametameta kwa unga wa manjano.

Waliorithi nyumba za Ndia Kuu wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Ukuta wa matumbawe ulijengwa kwa chokaa, na chokaa inapumua. Anayekuja kuukarabati kwa saruji huamini ameuletea kitu bora, kwa sababu saruji ni ngumu na ni ya kisasa. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linaoza nyuma ya plasta nzuri, na baada ya miaka michache ukuta uliodumu vizazi unaporomoka. Saruji haina ubaya wowote kwenye nyumba iliyojengwa kwa saruji. GL-5 haina ubaya wowote kwenye difu. Kila kimoja kina mahali kilipoundiwa, na kukipenda kitu cha kale ni kukubali kukipa kile kilichokizoea, hata kama kipya kinang'aa zaidi rafuni.

Kwa hiyo: difu ya haipoidi ipe GL-5 kama kitabu kinavyosema, giaboksi yenye pete za shaba ipe GL-4. Mkebe ulioandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja una nguvu za GL-5 ndani yake. Uache, isipokuwa mtengenezaji wake ameandika waziwazi kwamba hauli shaba.

Hatua ya tano: Jua kwamba mekundu si aina moja

"ATF ni ATF" ni sentensi fupi iliyochoma otomatiki nyingi. Rangi nyekundu imetiwa tu ili mwenye gari akiona tone chini ajue limetoka kwenye gia au kwenye injini. Haisemi chochote juu ya kilichomo.

General Motors ilitoa otomatiki yake ya Hydra-Matic kwa Oldsmobile za mwaka 1940, na mwaka 1949 ikaweka kiwango cha mafuta kilichoitwa Type A. Siri ya mafuta yale ilikuwa mafuta ya nyangumi. Yalizifanya sahani za ndani zishikane kwa ulaini, nayo yalistahimili moto. Mwaka 1967 kikaja kiwango cha Dexron, bado na nyangumi ndani. Marekani ilipomtia nyangumi huyo katika orodha ya viumbe wanaolindwa, mwaka 1970, wanakemia walilazimika kutafuta mbadala, na Dexron II ya miaka ya 1970 ndiyo iliyoachana na nyangumi. Mafuta ya leo ni kizazi cha kazi hiyo, na bahari imepata nafuu yake.

Ford kwa miaka mingi ilikwenda njia nyingine. Kiwango chake cha Type F hakikuwa na zile dawa za kulainisha mshiko. Sahani za otomatiki yake zilikusudiwa kuuma haraka na kuachana na mtelezo. Borg-Warner 35, otomatiki iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, iliandikiwa mafuta ya tabia hiyo, na baadhi ya Toyota za otomatiki za miaka ya 1970 vilevile. Ukiitia Dexron giaboksi iliyoundiwa Type F, sahani zinachelewa kushikana, zinateleza kidogo kila zinapobadilisha, na kila mtelezo ni joto linalounguza. Ukifanya kinyume chake, gari linapiga teke kila gia inapobadilika.

Ndiyo maana mkebe unaodai kufaa magari yote ya otomatiki ya dunia usikutie tamaa. Mafuta hayawezi kuuma haraka na kuteleza taratibu kwa wakati mmoja.

Kwa otomatiki ya 504 au Mercedes ya zamani, iliyoandikiwa Dexron au Dexron II, mafuta ya daraja la Dexron III yanafaa. Lakini fahamu kwamba General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Jina hilo likiwa kwenye mkebe wa leo ni ahadi ya kiwanda kilichoujaza, kwa hiyo chagua kiwanda chenye jina la kupoteza. Dexron VI iliyofuata ni nyepesi zaidi. Kwenye mtambo mkongwe wenye sili zilizolegea na joto la pwani, wepesi huo haukusaidii. Ama Toyota WS na mafuta ya CVT, yaliyojaa kila duka kwa sababu ya Vitz na Note, yapite kwa salamu.

Hatua ya sita: Lihesabu joto la kisiwa na unyevu wake

Kitabu hakikuandikwa Mombasa, na kuna mambo mawili ya hapa ambayo ni lazima uyaongeze. Hayabadilishi aina ya mafuta. Yanabadilisha muda wa kuyatumia.

La kwanza ni foleni. Otomatiki iliyosimama kwenye D huku umekanyaga breki, injini yake inaendelea kuyakoroga mafuta ndani ya konveta, na nguvu hiyo yote inageuka kuwa joto. Ongeza jua la saa saba mchana kwenye foleni ya feri ya Likoni, au magari yaliyobanana kuelekea Daraja la Nyali, na upepo wa kupoza rejeta haupo. Weka N kila foleni inaposimama. Kisha badilisha mafuta mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa joto ndilo linalozeesha ATF kuliko kilomita. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Mafuta mazima yana harufu ya mafuta. Yaliyoungua yananuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, na rangi imekwenda kahawia.

La pili ni maji. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Mtambo ukipata moto hewa inatoka, ukipoa hewa inaingia, na hewa ya Mombasa imejaa unyevu. Gari linalotembea mwendo mfupi tu, kutoka Kibokoni hadi Marikiti na kurudi, halipati moto wa kutosha kuufukuza unyevu huo. Lipeleke mwendo mrefu mara kwa mara. Na masika ya Aprili na Mei yakijaza barabara, usiivushe giaboksi yenye moto kwenye dimbwi: ikigusa maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa kwa ghafla na kuyavuta maji kupitia tundu lile lile na kwenye sili. Ukishapita mafuriko, kagua. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa yamekwisha, hata kama uliyatia wiki iliyopita.

Hatua ya saba: Nunua kama mtu aliyesoma

Ingia dukani na karatasi iliyoandikwa uzito, daraja na idadi ya lita. Usianze kwa kutaja gari, maana ukitaja gari utajibiwa kwa mazoea. Sema, "Nataka SAE 90, GL-4, lita tatu." Wakisema haipo lakini ipo nyingine "ni sawa tu", shukuru, toka, endelea na duka linalofuata. Sikio la kutosikia "ni sawa tu" ndilo kifaa muhimu kuliko spana zote ulizo nazo.

Usinunue mafuta ya kupima kutoka kwenye pipa, hata yawe na rangi nzuri namna gani. Pipa halina daraja lililoandikwa, na asubuhi halijui lililomiminiwa jioni. Nunua mkebe wenye kizibo kisichoguswa, alama ya ubora ya KEBS, namba ya toleo na maandishi yasiyo na makosa ya tahajia. Nunua yote kwa pamoja, na lita moja ya akiba ya mkebe ule ule, ili siku ya kuongeza usilazimike kuchanganya.

Usinunue chupa ya dawa ya kuziba uvujaji. Dawa hizo zinavimbisha mpira wa sili kwa muda, kisha mpira unalegea kuliko ulivyokuwa. Sili mpya ni ya bei ndogo ukilinganisha na beringi, na fundi anaijua kazi yake.

Hatua ya nane: Fungua tundu la kutilia kwanza

Sentensi hii iandikwe ukutani kila gereji ya Majengo na Mwembe Tayari: usiguse nati ya kumwagia kabla ya kuhakikisha nati ya kutilia inafunguka. Nati ya kutilia ya gari lenye miaka hamsini huenda imeshikana kwa kutu ya hewa ya chumvi. Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikakataa, umebaki na gari lisilo na mafuta na lisiloweza kutiwa mafuta, na limeziba kichochoro kizima.

Mwaga mafuta yakiwa na moto kidogo, yatoke na uchafu wake. Kisha yasome. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi. Unga wa manjano ni pete za shaba, na ukiuona uliza mara mbili mafuta gani yalikuwa ndani. Badilisha washa ya shaba ya nati. Kwa gia za mkono nyingi, jaza mpaka mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu la kutilia, gari likiwa limesimama sawa. Mtelemko wa kuelekea Bandari ya Zamani si mahali pake.

Otomatiki ina hesabu yake. Ukimwaga sampu, sehemu kubwa ya mafuta inabaki ndani ya konveta, kwa hiyo kilichobadilishwa ni nusu au pungufu. Mercedes za W123 zina nati ya kumwagia kwenye konveta yenyewe, itumie. Yasiyo nayo, mwaga, jaza, endesha, kisha urudie. Na kipimo chake kifuate kitabu: kwa Mercedes hiyo unapima mtambo ukiwa na moto, injini ikinguruma, gia ikiwa kwenye P.

Mafuta uliyoyatoa yarudishe kwenye mikebe mitupu na uyapeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Mifereji ya kisiwa hiki inaishia baharini. Mwaka 2005 mafuta yaliyomwagika bandarini Kilindini yaliingia mikokoni Port Reitz, na wavuvi hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Anayemwaga lita tatu mferejini anafanya kosa la aina ile ile kwa kipimo chake.

Hatua ya tisa: Andika

Chukua daftari. Andika tarehe, kilomita, namba ya giaboksi, uzito wa mafuta, daraja, jina la kiwanda na idadi ya lita. Andika ulichokiona kwenye sumaku. Baada ya kilomita mia kadhaa kagua kipimo tena, na hilo nalo uliandike. Daftari likae ndani ya gari, pamoja na nakala ya ule ukurasa wa vilainishi.

Magari haya yataishi zaidi ya mikono yetu yakitendewa haki, na siku moja yatakuwa ya mtoto, ya mkwe, au ya mgeni atakayeyanunua bila kujua kitu. Elimu kubwa ya magari ya pwani imo vichwani mwa mafundi wazee, na wanapoondoka wanaondoka nayo. Anayelirithi gari pamoja na daftari lake hatalazimika kuanza upya, wala kuyatii maneno ya kila anayepita na kikombe cha kahawa. Atajua ndani mna nini, kwa nini kilitiwa, na atie nini kitakapokwisha.